Kuloweka, kufukiza, peleti au malisho ya nje: njia ipi kwa farasi wako anayekohoa?

Kikohozi hicho mpandaji ndiye hukisikia kwanza. Farasi anatolewa zizini asubuhi, anaanza kukimbia polepole, anainamisha shingo, anakohoa mara mbili, kisha anaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Saisi anasema, "Ni vumbi tu, bosi." Bosi anaitikia, na miezi inapita. Farasi si mnyama wa kukohoa ovyo kama sisi. Akifikia kukohoa mara kwa mara, vijia vyake vya hewa huwa vimekwisha kuchokozwa kwa muda mrefu. Saisi alikuwa amesema kweli: ni vumbi. Neno lililoharibu mambo ni lile "tu".

Makala haya ni ya mtu ambaye daktari wa mifugo amekwisha kumwambia kwamba farasi wake ana pumu, na sasa amesimama mbele ya ghala la nyasi hajui ashike lipi. Rafiki mmoja anamwambia aloweke nyasi. Wa pili anamwambia aagize mashine ya mvuke. Wa tatu anasema achana na nyasi kavu kabisa, mpe peleti, yaani nyasi zilizosagwa na kukandamizwa kuwa vipande vidogo. Wa nne, ambaye kwa kawaida ana shamba kubwa, anashangaa kwa nini farasi yumo zizini hata kidogo. Wote wanne wana hoja. Shida ni kwamba kila mmoja anasimulia zizi lake, na zizi lako si lake.

Kwanza, hakikisha ni pumu

Farasi mzima aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Msubiri jioni akiwa ametulia, tazama ubavu, uhesabu kwa dakika nzima. Fanya hivyo siku kadhaa uandike, kwa sababu baadaye utahitaji namba ya kulinganisha.

Pumu nyepesi haionekani farasi akiwa amesimama. Hupumua kama kawaida, ila kazini anachoka upesi, anakohoa mwanzoni, na baada ya mazoezi ute unachuruzika puani. Inaweza kumpata farasi wa umri wowote. Pumu kali ni jambo jingine: matundu ya pua yametanuka hata akiwa amepumzika, tumbo linajikaza kusukuma nje mwisho wa pumzi, na ikikaa miezi au miaka, msuli wa ubavuni unanenepa hadi mstari unajichora chini ya mbavu. Hii huwapata zaidi farasi waliopita miaka 7. Hali hizi zilikuwa na majina tofauti zamani. Siku hizi madaktari huziita pumu ya farasi, nyepesi hadi kali.

Farasi mwenye pumu kwa kawaida hana homa na anakula. Kwa hiyo ukimkuta mchana huu anapumua kwa shida ilhali jana alikuwa mzima, ana joto kali, povu linatoka puani au mashimo ya juu ya macho yamevimba, usisome zaidi. Mpigie daktari sasa hivi. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, na huo huua haraka. Usaha puani pamoja na uvimbe chini ya taya ni maambukizi, na farasi huyo atengwe na wenzake. Anayekoroma au kupiga mluzi anapovuta hewa kwa kasi ana tatizo la koo, na damu puani baada ya shoti nayo ina uchunguzi wake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na ndoo ya maji.

Daktari mwenye vifaa atapitisha kamera puani hadi kwenye koo la hewa, kisha ataosha sehemu ya pafu kwa maji ya chumvi na kuzitazama chembe zilizotoka kwa darubini. Kipimo hicho kina gharama, lakini kinagharimu chini ya kubahatisha kwa mwaka mzima.

Kwa nini kila kitu kinarudi kwenye nyasi

Farasi hawezi kupumua kwa mdomo. Mdomo unatafuna robota, na pua iliyo sentimita chache juu yake inavuta hewa kutoka ndani ya robota hilo hilo. Ndiyo maana vumbi linalomfikia puani ni jingi mara nyingi kuliko lile unaloliona wewe ukisimama mlangoni mwa zizi. Baya zaidi halionekani kabisa: chembe za chini ya mikroni 5 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo haziishii puani wala kooni bali hufika ndani kabisa ya pafu. Humo mna vijimbegu vya ukungu, vipande vya bakteria, unga wa majani na mabaki ya wadudu.

Nyasi zikifungwa zikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hadi 20 hivi, robota hupata joto ndani na ukungu unakua. Anayenunua Boma Rhodes, nyasi za kukausha zinazouzwa kwa robota, anajua inavyotokea: nyasi zimekatwa, wingu limekaa upande wa mlima, mkulima anafunga haraka kabla ya mvua. Nje robota ni la kijani na zuri. Likikatwa kamba ndipo moshi mweupe unapopanda.

Na farasi wa kupanda hana mahali pa kujificha. Anapokwenda shoti anavuta pumzi moja kwa kila hatua, hawezi kupumua katikati ya hatua ili afidie. Kijia kilichobanwa kidogo, ambacho farasi wa kulishwa tu angeishi nacho bila taabu, kwa farasi wa polo au wa kuruka vizuizi kinakuwa tofauti kati ya kumaliza na kusimama.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo matano: vumbi linalobaki, lishe na muda wa kutafuna, kazi, maji, umeme na fedha, hatari zake katika joto letu, na mwisho, inamfaa nani. Kuna swali la sita ambalo halina kichwa chake hapa chini lakini limo ndani ya yote: je, jambo hili litafanyika kila siku, hata Jumapili ambayo saisi amekwenda kwao? Kwa farasi mwenye pumu kali, wavu mmoja wa nyasi kavu zenye ukungu unaweza kurudisha dalili ndani ya saa au siku chache, na kuzituliza tena huchukua muda mrefu zaidi.

1. Kuloweka nyasi

*Vumbi.* Nyasi zikizama kabisa kwenye maji, vumbi la kuvutwa hupungua sana, na utafiti mwingi umepata upungufu wa zaidi ya asilimia 90. Haihitaji usiku kucha. Dakika 10 hadi 30 zinatosha kwa ajili ya vumbi. Kunyunyiza kwa mpira wa maji au kopo ni kujidanganya, kwa kuwa maji yanalowesha ganda na katikati ya wavu pamebaki pakavu kama kiberiti. Na kuna sharti ambalo watu husahau: ziliwe zikiwa bado zimelowa. Zikikauka horini, vumbi linaanza kuruka upya.

*Lishe.* Hapa kuna pande mbili. Maji yanaondoka na sukari pamoja na madini kama potasiamu na fosforasi, na kadiri zinavyokaa ndivyo yanavyoondoka na zaidi. Kwa farasi mnene, au aliyewahi kuugua kwato kwa laminitisi, hilo ni jambo jema na wengine huloweka saa kadhaa kwa makusudi. Kwa farasi mkonda anayefanya kazi kila siku ni hasara, na itabidi umwongezee madini na chakula cha nguvu. Pima nyasi kabla ya kuloweka. Farasi wa kilo 450 anahitaji kati ya kilo 7 na 9 za lishe kavu kwa siku, na nyasi zikilowa uzito wake unakudanganya.

*Kazi na gharama.* Pipa lililokatwa katikati, jiwe la kukandamizia, na mgongo wa mtu. Huo mgongo usiudharau. Wavu uliolowa ni mzito, na mtu mwenye farasi 6 huinyanyua mara mbili kwa siku. Tundika wavu kwenye kapi juu ya pipa ujichujie wenyewe, saisi wako atakushukuru. Maji ndiyo swali kubwa. Kule ambako maji huletwa na boza, mabeseni ya kila siku ya farasi kadhaa si mzaha, na maji yaliyotumika, yenye rangi ya chai, yamejaa sukari na uchafu kiasi kwamba hayafai kumwagwa mtoni wala kunywewa na mnyama.

*Hatari.* Joto. Nyasi zilizolowa ni makao mazuri ya bakteria, na zikikaa Mombasa au Dar es Salaam mchana kutwa zitaanza kuchacha kabla ya jioni. Loweka kidogo kidogo, lisha mara moja, zoa mabaki, badilisha maji kila mara. Yule anayeongeza nyasi mpya kwenye maji ya jana anatengeneza pombe.

*Inamfaa nani.* Mwenye farasi 1 hadi 4, maji ya uhakika, na mtu aliye pale asubuhi na jioni. Vilevile farasi mnene.

2. Kufukiza kwa mvuke

*Vumbi.* Mashine nzuri, ile inayoingiza mvuke ndani ya robota kwa miiba ya chuma hadi katikati pafikie karibu nyuzi 100, hupunguza vumbi la kuvutwa kwa zaidi ya asilimia 90 na juu ya hapo huua ukungu na sehemu kubwa ya bakteria. Kuloweka hakuui kitu, kunanatisha vumbi kwenye nyasi tu. Hiyo ndiyo faida halisi ya mvuke.

*Lishe.* Sukari na madini hubaki karibu vyote, na farasi wengi wanazipenda nyasi zilizofukizwa kwa sababu zinanukia na ni laini. Kwa farasi mnene hii si faida.

*Kazi na gharama.* Kazi ni ndogo: unafunga kisanduku, unawasha, unarudi baada ya dakika 50 hivi. Gharama ndiyo inayouma, kwa kuwa mashine huagizwa nje, ina ushuru, vipuri havipatikani dukani mtaani, na maji yetu yenye chokaa hujenga ganda ndani ya chombo kinachoyachemsha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, huna nyasi zilizofukizwa wala kavu. Una nyasi vuguvugu.

Hapo ndipo kuna *hatari* yake kubwa, na inastahili kusemwa polepole, kwa sababu fundi yeyote wa jua kali atakutengenezea kisanduku cha mvuke kwa pipa la plastiki na birika. Nimekiona, nimewahi hata kukisifu. Tatizo ni kwamba mvuke hafifu unapasha nyasi joto bila kuzichemsha, na joto hilo la katikati ndilo bakteria wanalolitaka. Unaweza kutoa nyasi zenye bakteria wengi kuliko ulizoziingiza. Ukijitengenezea, nunua kipimajoto kirefu cha nyama, kichome hadi moyoni mwa robota, na usiamini chochote chini ya nyuzi 90. Pia mvuke hausafishi nyasi mbovu. Sumu ambazo ukungu umekwisha kuziacha hazitoki kwa joto hilo. Robota lenye madoa meusi ni la shimoni, hata ukilifukiza mara tatu.

*Inamfaa nani.* Zizi lenye farasi wengi, umeme wa kutegemewa, na fedha ya kutoa mara moja. Farasi wa mashindano anayehitaji lishe yake yote. Mahali ambapo maji ni ghali.

3. Peleti na kyubu za nyasi

*Vumbi.* Kidogo sana, na hakuna kabisa zikilowekwa zikawa uji mzito. Ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuondoa nyasi kavu puani kwa farasi aliye na pumu kali leo hii.

*Lishe.* Kimaandishi ni nzuri kuliko nyasi nyingi: kila gunia lina kiwango kilekile. Angalia tu kilichomo. Kyubu za lusani (alfalfa) zina protini na kalisi nyingi, na farasi asiyefanya kazi ngumu hahitaji kulishwa lusani tupu. Lakini kutafuna ndiko kunakokosekana. Kilo moja ya nyasi humshughulisha farasi dakika 40 hivi. Kilo ya peleti inaisha kwa takriban robo ya muda huo. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe amekula au hajala, na mate ya kutafuna ndiyo yanayoituliza. Farasi anayemaliza chakula chake saa mbili usiku na kusimama tupu hadi alfajiri atakupa vidonda vya tumbo mahali pa kikohozi, na ataanza kuguguna mlango.

*Kazi na gharama.* Kazi ni nyepesi, ghala ni dogo, usafiri ni rahisi. Bei kwa kilo iko juu ya nyasi, na kulisha farasi kilo 7 au 8 kwa siku kwa peleti pekee ni mzigo wa kudumu, usioisha kama deni la mashine.

*Hatari.* Kukwama kooni. Peleti kavu zikiliwa kwa pupa huvimba na kuziba njia ya chakula, chakula na mate vinatokea puani, mwenye farasi anapata wazimu. (Anaendelea kupumua, kwa kuwa iliyoziba ni njia ya chakula na si ya hewa, lakini mwite daktari na mwondolee chakula chote.) Loweka kila mara, zigawe mara nne au tano kwa siku, weka mawe makubwa laini horini ili azitafute.

*Inamfaa nani.* Farasi mzee mwenye meno mabovu na pumu kali. Farasi aliye katika shambulio wiki hizi. Msimu ambao nyasi nzuri hazipo sokoni. Kwa wengine wengi inafaa zaidi kama nusu ya chakula.

4. Kumtoa nje

*Vumbi.* Majani mabichi hayana vumbi la kusema, na kichwa kikiwa chini ute unachuruzika nje wenyewe. Farasi wengi wenye pumu waliotolewa zizini wakapelekwa malishoni hupata nafuu bila kingine chochote. Kama dunia ingekuwa rahisi, makala yangeishia hapa.

Hata hivyo, "nje" haina maana moja. Kiwanja kitupu cha vumbi la Kajiado mwezi wa pili si malisho. Na farasi aliye nje aliyewekewa robota kubwa la duara huchimba shimo akaingiza kichwa hadi machoni. Huyo anavuta vumbi kuliko mwenzake wa zizini. Wapo pia farasi wachache wanaougua kinyume, yaani pumu inawapata wakiwa malishoni wakati wa joto na unyevu. Hali hiyo imeelezwa sana kusini mashariki mwa Marekani. Ukiona wako anazidiwa nje na kupata nafuu ndani, mwamini yeye.

*Lishe.* Inategemea mvua. Baada ya masika majani yanaweza kumnenepesha kupita kiasi. Kiangazi utarudi kwenye robota, na kwenye swali tulilotoka nalo.

*Kazi na gharama.* Kazi ya kila siku ni ndogo, ardhi ndiyo ghali. Mwenye farasi wawili na robo eka mtaani Karen, Nairobi, anajua.

*Hatari.* Hii ndiyo sehemu ambayo ushauri wa Ulaya unatuacha njiani. Kule husema mwache nje usiku na mchana. Kwetu usiku ni wa visubi, vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyobeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, na vinavyouma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, hasa mvua zikiisha na madimbwi yakiwa yamejaa. Ndiyo sababu wazee wa kazi hii huingiza farasi kabla ya jua kuzama. Laikipia ongeza fisi, chui na simba. Kwa hiyo mapafu yanamtaka nje, na damu inamtaka ndani.

Suluhu ya wengi ni kugawa siku. Atoke jua likiwa limepanda, arudi kabla ya magharibi, na zizi la usiku liwe wazi kadiri iwezekanavyo: paa juu, kuta nusu, wavu laini wa kuzuia wadudu, feni kama umeme upo. Chanjo isipitwe na tarehe yake. Zizi lililozibwa kabisa ili visubi visiingie linakuwa pia chungu cha vumbi na amonia, ile hewa kali ya mkojo.

*Inamfaa nani.* Karibu kila farasi mwenye pumu, kwa kadiri ya saa unazoweza kumpa salama. Sana sana farasi asiye na kazi nyingi na mwenye eneo la juu lenye upepo.

Neno dogo kuhusu heileji na sileji

Ulaya njia ya kawaida ni heileji, nyasi zilizofungwa kwenye nailoni zikiwa na unyevu kiasi. Vumbi lake ni dogo na farasi huipenda. Kwetu haipatikani kwa urahisi, na nailoni ikitoboka au udongo ukiingia kuna hatari ya sumu ya botulizimu. Ikifunguliwa iishe ndani ya siku chache, katika joto upesi zaidi. Sileji ya mahindi ya ng'ombe wa jirani, yaani mahindi yaliyokatwakatwa na kuchachushwa, si heileji. Usimpe farasi.

Kinachoharibu chaguo lolote

Nilikaa wiki sita nikiloweka nyasi za farasi jike mmoja, kwa saa, kwa kipimo, bila kukosa. Kikohozi hakikupungua hata kidogo. Siku moja nikachelewa kuondoka, nikaona zizi la pili wanakung'uta wavu mkavu juu ya ukuta wa nusu, mwanga wa jioni ukipita katikati ya lile wingu, na jike wangu amesimama chini yake akila nyasi zake safi. Nilikuwa nimelisafisha sahani lake nikaiacha hewa yake.

Tangu hapo huuliza haya kabla ya kuuliza habari ya nyasi. Jirani wa ukuta anakula nini? Ghala liko juu ya zizi? Je, wanafagia ukumbi farasi wakiwa ndani? Malalo ni nini: maranda makubwa yasiyo na unga ni bora kuliko mabua, na unga wa mbao kutoka kwa seremala ni mbaya kuliko vyote viwili. Ukiinama hadi urefu wa goti na macho yakakuwasha, kuna amonia, na farasi analala humo. Nyasi zilishwe chini, kwa kuwa wavu wa juu humletea vumbi zaidi puani na hunyima ute njia ya kutoka.

Na dawa? Steroidi na dawa za kutanua vijia vya hewa zinafanya kazi, za kumeza, za sindano au za kuvuta kwa kifuniko cha pua. Kwa farasi anayehangaika kupata pumzi ni za lazima. Lakini vumbi likibaki, ugonjwa unarudi dozi ikiisha. Steroidi za mwilini zina tahadhari yake kwa farasi aliye katika hatari ya laminitisi, na farasi wa mashindano ana muda wa kusubiri kabla ya kupimwa. Hayo yote ni ya daktari, na vidonge vya prednisoni vilivyobaki kabatini mwa nyumba visiguswe: farasi hawafyonzi vizuri dawa hiyo kwa kumeza.

Sasa chagua kwa hali yako

Farasi wako anahema akiwa amesimama: daktari kwanza, peleti zilizolowekwa kuanzia leo, na nje mchana. Maswali ya mashine yangoje.

Anakohoa mwanzoni mwa kazi tu, una farasi wawili na bomba la maji: loweka dakika 20, lisha chini, badilisha malalo, hesabu pumzi kila wiki. Ukipita mwezi na nusu bila nafuu, tazama ukuta wa jirani kabla ya kubadilisha njia.

Unaendesha zizi la farasi 15 wa watu tofauti: mvuke ndiyo wenye hesabu nzuri kwa muda mrefu, mradi umeme upo na wote wakubali. Zizi likiwa nusu kavu na nusu limefukizwa, umetupa fedha. Ikiwa wenzako hawakubali, hamishia mgonjwa chumba cha mwisho upande ambao upepo unaingilia.

Uko pwani: kulowesha kwa dozi ndogo ndogo au peleti, na nyasi chache ghalani kwa wakati mmoja. Unyevu wa bahari huotesha ukungu hata kwenye robota lililofika likiwa zima.

Maji huja kwa boza: mvuke kama mfuko unaruhusu, vinginevyo peleti nusu na malisho ya mchana nusu.

Farasi mnene aliyewahi kuugua kwato: loweka kwa muda mrefu zaidi, na uwe mwangalifu na majani mapya ya baada ya mvua.

Huna saisi wa kila siku, unategemea mtoto wa shule na jirani mwema: usichague kuloweka. Chagua kile ambacho mtu aliyechoka, asiyempenda farasi kama wewe, atakifanya saa kumi na mbili asubuhi kunanyesha. Mara nyingi hiyo ni ndoo ya peleti iliyolowekwa jioni iliyopita mahali penye baridi, na lango la malisho lililofunguliwa jua likishapanda.